Nani Alilipia Mafunzo

Kabla ya Azimio la Arusha la 1967 kulikuwa na tamko jingine la Arusha, ambalo huku wilayani Mbozi halitajwi sana. Mwalimu Nyerere alilitoa Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru. Tanganyika iliahidi kulinda wanyamapori wake, na papo hapo ikaomba mataifa mengine wataalamu, watu waliofunzwa na fedha. Kila nikilisoma nasimama hapo kwenye fedha. Nchi haijapata uhuru, na tayari viongozi wake wanajua kuwa lazima apatikane wa kulipia mafunzo.

Jibu halikuchelewa. Mwaka 1963 Chuo cha Mweka kilifunguliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro kwa misaada ya wafadhili wa ng'ambo, Wamarekani na Wajerumani wakiwemo, ili Waafrika washike kazi za wanyamapori zilizokuwa mikononi mwa Waingereza. Mwaka 1966 kikaja Chuo cha Pasiansi, Mwanza. Misitu ilikuwa na chuo chake Olmotonyi tangu 1937. Navipa vyuo hivi heshima yote, ila fedha nyingi za wageni zilifuata tembo na simba. Mbozi hatuna hifadhi ya taifa. Tuna kahawa, mahindi, vyanzo vya maji na vilima vilivyomalizwa na mkaa, na kijana wa Mlowo wa kuvirudishia miti hakuwa na mfadhili.

Mfano wa ufadhili ninaouamini uko humu humu wilayani, Mbimba. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, ilipoanza kazi 2001 ilitegemea fedha za Umoja wa Ulaya pamoja na makato ya kahawa ya wakulima wenyewe. Mkulima aliyekatwa ana haki ya kuuliza iko wapi miche isiyougua chulebuni, na nimeshuhudia wazee wakiuliza hivyo bila kumung'unya maneno. Mgeni akitoa peke yake, nani atamuuliza?

Mafunzo ninayotaka yalipiwe ni ya vitendo. Vijana wanaokuja kwenye kitalu changu cha kahawa naanza nao kwenye viriba: udongo wa juu, samadi iliyooza, mchanga kidogo. Kisha kuhamisha miche. Toboa kwa kijiti hadi chini, shusha mzizi, vuta mche juu kidogo ili mzizi unyooke, ndipo ushindilie. Ukiupinda, mche utapendeza tu hapa kitaluni. Shambani, baada ya miaka, mbuni utadumaa na kugeuka manjano. "Mama, mbona huu umestawi?" huniuliza kijana nikiutupa mche wa namna hiyo. Namkatia kiriba auone mzizi mwenyewe.

Tangu 2018 sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na 4 kati ya hizo ni za vijana. Ni fedha zetu, nazo ni jambo kubwa, lakini mkopo haumfundishi mtu kunyoosha mzizi. Upo pia Mfuko wa Misitu Tanzania, uliowekwa na Sheria ya Misitu ya 2002. Naomba pande hizi mbili zikae pamoja: mfuko ulipie mafunzo, halmashauri itoe mkopo siku kijana anapohitimu. Na wasituletee semina ya siku tatu. Mche wa mbuni hukaa kitaluni karibu mwaka mzima, na kijana akae nao muda huo huo.