Pombe Ilipokula Kabureta

Historia ya mafuta ya miwa nchini Brazil husimuliwa zaidi kwa majina ya marais na ukubwa wa mashamba. Ernesto Geisel alitia saini mpango wa Proálcool tarehe 14 Novemba 1975, miaka miwili baada ya bei ya mafuta kupaa duniani, nchi yake ikiagiza kutoka nje karibu asilimia 80 ya mafuta iliyotumia. Miwa ilikuwapo tele. Kuchanganya pombe na petroli nako hakukuwa kugeni. Tangu 1931 serikali iliamuru petroli iliyoagizwa itiwe asilimia 5 ya pombe. Hata hivyo mpango huo nusura ufie mahali padogo mno: ndani ya kabureta.

Kabureta za enzi hizo zilisubiwa kwa mchanganyiko wa metali ambao sehemu yake kubwa ni zinki. Petroli haiigusi zinki. Lakini ethanoli iliyouzwa kwa magari ya pombe tupu ilibeba maji, karibu asilimia 5, pamoja na chembe za chumvi na asidi ileile iliyomo katika siki. Petroli haipitishi umeme. Kimiminika hiki hupitisha, japo kidogo. Sasa chukua jeti, yaani kitundu cha kupitishia mafuta, ya shaba nyeupe iliyokazwa kwenye mwili wa zinki: metali mbili tofauti, zimegusana, zimeloa. Hiyo ni betri ndogo, na anayeliwa ni zinki. Unga mweupe huota ukutani, hubanduka, kisha huziba jeti yenyewe. Gari hukohoa na kuzimika.

Tangi nalo halikusalimika. Lilikuwa la bati la chuma lililopakwa ndani utando wa risasi. Ethanoli iliuvua utando huo, kutu ikaingia, na takataka zote zikaishia kwenye chujio.

Mhandisi Urbano Ernesto Stumpf, wa kituo cha utafiti wa anga cha São José dos Campos, alikwisha kuonyesha kwamba injini yenyewe inaiweza pombe. Mwaka 1976 magari matatu yalizungushwa nchini kama ushahidi, na mwaka 1979 Fiat ikaanza kuuza modeli ya 147 inayotumia pombe tupu. Wenye magari ya zamani nao wakakimbilia gereji kubadilishiwa injini. Fundi aliongeza mgandamizo, akapanua jeti, basi. Metali ikabaki ileile. Malalamiko yakazagaa, na mwaka 1981 mauzo ya magari ya pombe yakaporomoka, ingawa bei ya pombe nayo ilichangia.

Viwanda vikajibu kwa metali: kabureta zikapakwa nikeli, matangi yakapakwa stani badala ya risasi, pampu zikabadilishwa. Ruzuku na punguzo la kodi vilisaidia, nami sivibezi, lakini nani angenunua tena gari linalojitafuna? Kufikia katikati ya miaka ya 1980, zaidi ya magari 9 kati ya 10 mapya yaliyouzwa Brazil yalitumia pombe. Kwa maoni yangu, nikeli haijapata sifa yake.

Kenya nayo ilianza mwaka 1983 kuchanganya petroli na ethanoli ya molasi kutoka Muhoroni, kwa kiasi cha asilimia 10, hadi mpango ulipokufa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mchanganyiko wa namna hiyo hukorofisha kwa njia nyingine. Huvumilia maji takriban nusu ya asilimia moja tu. Yakizidi, maji na pombe hujitenga na petroli na kuzama chini ya tangi, palepale pampu inapofyonza. Gari linalotembea kila siku halipati shida hiyo kirahisi. Lililoegeshwa miezi, ndilo.

Mtu angedhani dawa ni kuyaondoa maji yote. Aluminiamu inakataa: ethanoli kavu kabisa ikipata joto kali huivamia na kutoa gesi ya hidrojeni, ilhali maji kidogo tu huuzuia mmenyuko huo. Chuma cha matangi makubwa kina lake pia. Nchini Marekani, matangi na mabomba ya kuhifadhia ethanoli yaligundulika yamepasuka nyufa kwenye maungio yaliyochomelewa, na wataalamu wakaitia hatiani oksijeni iliyoyeyuka ndani ya mafuta. Hofu ya nyufa hizo, pamoja na ile ya maji, ni miongoni mwa sababu za ethanoli nyingi ya huko kusafirishwa kwa treni na malori, huku petroli ikipita bombani.