Karatasi ya kusaini: historia ya wachezaji wetu, mawakala na sheria za Marekani

Mama mmoja alifika kwetu redioni na karatasi mbili alizozikunja ndani ya kitenge. Ni mhami kutoka Masisi, anaishi kwa jamaa huku Ndosho tangu kambi zilipofungwa mwanzoni mwa 2025. Kijana wake ana miaka 16, akiingia nyumbani anainama mlangoni, na kila siku jioni yuko kiwanjani anacheza basketi. Kuna mtu amemwona. Anajiita manaja, anasema atampeleka Marekani asome bure na acheze, mzazi asaini tu. Karatasi ziko kwa Kiingereza. Mama akaniuliza: "Mwanangu, wewe unayesoma, humu ndani kuna safari ya mtoto wangu au kuna deni?"

Nilimwomba siku chache. Mimi si mwanasheria, lakini nimekuwa nikifuatilia michezo kwa miaka mingi, na niliona kwamba huwezi kumjibu mama yule bila kurudi nyuma kidogo na kuona waliomtangulia mtoto wake walipitia wapi.

Tuanze nyumbani. Jonathan Kuminga alizaliwa hapa Goma tarehe 6 Oktoba 2002, mwaka uleule ambao Nyiragongo iliunguza katikati ya mji. Alitoka Kongo mwaka 2016, akiwa bado mtoto, akasoma sekondari Marekani: kwanza Huntington Prep huko West Virginia, kisha New York, kisha The Patrick School huko New Jersey. Ndugu yake, Joel Ntambwe, alikuwa tayari upande ule, akacheza chuo kikuu UNLV na baadaye Texas Tech. Mwaka 2020 vyuo vikuu vyenye majina vilikuwa vinamgombania Jonathan. Akavikataa vyote. Akaenda G League Ignite, timu iliyoanzishwa na ligi ya NBA kwa ajili ya vijana wasiotaka kupitia chuo, kwa mshahara ambao magazeti ya Marekani yaliukadiria kuwa nusu milioni ya dola. Mwaka 2021 Golden State Warriors wakamchagua namba 7, na mwezi wa sita 2022 mtoto wa Goma akawa bingwa wa NBA.

Wengi hapa mjini tulifurahia ushindi tu. Wachache walijiuliza kwa nini kijana aitwe na vyuo vikubwa vya dunia halafu avikatae. Jibu liko kwenye sheria.

Kwa zaidi ya miaka mia moja, michezo ya vyuo vikuu vya Marekani imesimamiwa na shirika linaloitwa NCAA, na msingi wake ulikuwa mmoja: mwanafunzi ni mchezaji wa ridhaa. Anapewa bursi, yaani minervali, malazi na chakula, lakini hapewi mshahara. Chuo kinauza tiketi, televisheni inalipa mabilioni, kocha analipwa kuliko gavana, mchezaji anapata ugali na vitabu. Na kulikuwa na mlango mwingine wa kumtoa nje: wakala. Ukikubaliana na mtu akuwakilishe ili akuuzie kipaji chako, kwa maandishi au hata kwa mdomo, ulipoteza haki ya kucheza. Ukipokea pesa kutoka kwake, vilevile.

Mawakala walijua hivyo na bado walikuja usiku. Katika miaka ya 1980 huko Marekani wawili, Norby Walters na Lloyd Bloom, walitembea vyuoni wakiwapa wachezaji wa futiboli ya Kimarekani pesa taslimu na kuwasainisha mikataba ya siri yenye tarehe za uongo, ili ionekane wamesaini baada ya kumaliza chuo. Walihukumiwa Chicago mwaka 1989, ingawa mahakama ya rufaa ilikuja kuifuta hukumu hiyo. Mwaka 1996 Marcus Camby wa chuo kikuu cha Massachusetts aliipeleka timu yake kwenye nne bora za nchi nzima. Ilipojulikana kwamba alikuwa amepokea pesa na zawadi kutoka kwa mawakala, chuo kilinyang'anywa matokeo hayo. Camby mwenyewe alikuwa amekwisha kwenda NBA. Angalieni hapo ni nani aliyelipa deni: chuo na wachezaji wenzake waliobaki.

Ndipo mwaka 2004 bunge la Marekani likapitisha sheria iitwayo SPARTA. Inamkataza wakala kumshawishi mwanafunzi kwa ahadi za uongo au zawadi ili asaini, na inamlazimisha kumwonya kwa maandishi kwamba akisaini anaweza kupoteza haki ya kucheza. Majimbo mengi nayo yana sheria zao: wakala ajiandikishe, na mwanafunzi awe na siku 14 za kubadili mawazo. Sheria hizo si pambo. Mwaka 2019 Zion Williamson, nyota wa chuo cha Duke, alisaini na wakala wa biashara, kisha akamwacha baada ya muda mfupi. Yule wakala akadai dola milioni 100. Mwezi wa kwanza 2021 jaji wa North Carolina akasema mkataba ule ni batili tangu mwanzo: wakala hakuwa ameandikishwa katika jimbo lile, na karatasi haikuwa na lile onyo. Mtu alidai milioni 100 akakosa kwa sababu ya mistari michache isiyoandikwa. Niliposoma hapo nilizitoa karatasi za mama tena mezani, nikatafuta onyo. Halipo.

Wakati huohuo ukuta wenyewe wa ridhaa ulikuwa unabomoka. Ed O'Bannon, aliyekuwa bingwa wa vyuo mwaka 1995 akiwa na UCLA, alijiona kwenye mchezo wa video, sura yake na namba yake, naye hakulipwa hata senti. Alishitaki mwaka 2009, akashinda mwaka 2014 mbele ya jaji Claudia Wilken. Tarehe 21 Juni 2021, kwenye kesi ya Alston, majaji wote 9 wa Mahakama Kuu ya Marekani waliamua dhidi ya NCAA kuhusu kikomo cha misaada inayohusu masomo. Siku kumi baadaye, tarehe 1 Julai, NCAA ikaruhusu wanafunzi wapate pesa kutokana na jina na sura zao. Na mwezi wa sita 2025 jaji yuleyule Wilken alipitisha makubaliano ya kesi ya House: takriban dola bilioni 2.8 kwa wachezaji wa zamani, na vyuo kuruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi karibu dola milioni 20.5 kwa chuo kimoja katika mwaka wa kwanza.

Kuminga alikuwa amekwisha kuondoka. Alichagua mwaka mmoja kabla mlango haujafunguliwa. Timu ya Ignite yenyewe ilifungwa mwaka 2024, kwa sababu vijana sasa wanalipwa vyuoni, hawana haja ya njia ile. Na mwezi wa tisa 2025 likatokea jambo ambalo zamani lisingewezekana: chuo cha Santa Clara huko California kilimpokea Thierry Darlan, mzaliwa wa Bangui kwa majirani zetu, ingawa alikuwa amecheza kwa mshahara katika Ignite ileile.

Mtu anaweza kusema: basi mambo yamekuwa mazuri, asaini. Ngoja kwanza. Kwa watoto wetu kuna ukuta mwingine, nao ni visa. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi alichaguliwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani mwaka 2022 akiwa Kentucky. Wenzake walikuwa wanatangaza bidhaa na kulipwa. Yeye, kwa visa ya mwanafunzi, hakuruhusiwa kufanya kazi kama ile juu ya ardhi ya Marekani. Timu iliposafiri Bahamas mwezi wa nane 2022, ndiko alikofanyia matangazo yake, nje ya mipaka. Mchezaji bora wa nchi nzima anavuka bahari ili apigwe picha! Mtu akikuambia mtoto wako ataanza kukutumia dola mwezi wa kwanza akifika chuoni, muulize ni kwa visa gani.

Wengine walipita pembeni kabisa. Emmanuel Mudiay, mzaliwa wa Kinshasa ambaye familia yake ilikimbilia Texas, alikuwa ameahidi kuingia chuo cha SMU. Mwaka 2014, huku kukiwa na maswali kuhusu shule yake ya sekondari kama ingekubaliwa na NCAA, alikwenda kucheza China kwa dola milioni 1.2, akasema anataka kumsaidia mama yake. Bismack Biyombo wa Lubumbashi alipitia Hispania. Mwaka 2011 alipoanza kung'aa Marekani, klabu yake ya Fuenlabrada ilidai amevunja mkataba, na mambo yakaenda kwenye mabishano ya fidia kabla hajavaa jezi ya Charlotte. Aliyesaini akiwa mdogo alikuja kujikomboa akiwa mkubwa.

Lakini kisa nilichomsomea mama yule polepole, mara mbili, si cha basketi. Ni cha Silas.

Silas Katompa Mvumpa ni kijana wa Kinshasa, mchezaji wa kandanda. Mwaka 2017 alikwenda Ubelgiji kwa majaribio katika klabu ya Anderlecht. Muda wa visa ulipokaribia kuisha, wakala wake alimwambia kwamba akirudi Kongo hataweza tena kuingia Ulaya. Akamchukua akaishi naye Ufaransa. Akabadilishwa jina, akawa Silas Wamangituka, na akapunguzwa mwaka mmoja. Karatasi zake alizishika wakala. Akaunti ya benki, vilevile. Kwa jina hilo alicheza Olympique Alès, kisha Paris FC, kisha mwaka 2019 VfB Stuttgart ya Ujerumani ikamnunua kwa mamilioni ya yuro. Alifunga mabao hadi ligi ya Ujerumani ikamtaja kijana bora mpya wa msimu. Mashabiki waliimba jina ambalo si lake.

Mwezi wa sita 2021 alichoka, akabadilisha wakala, akaieleza klabu ukweli wote. Stuttgart ilisimama naye, ikasema ni mtu aliyetendewa vibaya. Shirikisho la Ujerumani lilimfungia miezi mitatu na kumtoza yuro 30,000. Adhabu ilikuwa ndogo kwa sababu walielewa aliyemfunga kamba ni nani. Hata hivyo aliyeadhibiwa ni yeye. Tarehe yake halisi ya kuzaliwa ni 6 Oktoba 1998. Siku na mwezi ni zilezile za Kuminga wetu. Mmoja alifika juu kwa jina lake, mwingine alifika kwa jina la kukodi.

Kwa nini wakala abadilishe jina? Mwaka mmoja pungufu unapandisha bei, hilo kila mtu analijua. Lakini jina jipya pia linakata uzi kati ya mchezaji na waliomlea. Sheria za FIFA zinasema mchezaji mwenye mkataba akihamia klabu ya nchi nyingine kwa pesa, asilimia 5 ya pesa hizo igawanywe kwa klabu alizochezea kati ya miaka 12 na 23. Klabu ndogo ya hapa kwetu iliyomnunulia mtoto viatu ina haki juu ya sehemu hiyo, ikiwa ina karatasi zenye jina lake. Jina likibadilika, viongozi wa klabu watashangilia mgeni kwenye televisheni.

Sasa karatasi za mama. Ukurasa wa kwanza: wakala atachukua asilimia 30 ya kila pesa atakayopata kijana kwa miaka 10. Katika NBA chama cha wachezaji hakimruhusu wakala kupita asilimia 4 ya mshahara. Ukurasa wa pili: wakala atatunza pasipoti na vyeti "kwa usalama". Na chini, karibu na mahali pa kusaini, jina la kijana limepigwa chapa vizuri, lakini mahali pa tarehe ya kuzaliwa pameachwa wazi.

Hapo nilikaa kimya muda mrefu. Familia hii ilikimbia bila cheti chochote. Nyumba iliungua na karatasi zote. Huyo mtu anajua, na ndiyo maana kijana wa mhami anamfaa kuliko kijana mwenye cheti sandukuni. NCAA nayo inahesabu: inataka ushahidi wa masomo ya sekondari mwaka kwa mwaka, inataka masomo 16 ya msingi, na anayechelewa sana kuingia chuo baada ya tarehe aliyotakiwa kumaliza sekondari huweza kupunguziwa misimu ya kucheza. Mtoto aliyekosa shule kwa sababu ya vita ana mengi ya kueleza, na ataeleza vizuri akiwa na barua ya mkuu wa shule na diploma ya Serikali kuliko akiwa na tarehe ya kubuni. Sheria hizi zinabadilika kila mwaka, kwa hiyo wazazi waulize chuo chenyewe. Kweli, barua pepe za vyuo ziko wazi kwenye intaneti, na kuuliza hakulipiwi.

Mama hakusaini. Alikwenda kwenye shule ya zamani ya kijana, ambayo walimu wake nao wamehamia huku mjini, akapata barua yenye jina na mwaka wa kuzaliwa, ikiwa na muhuri. Sasa anahangaikia hati ya kuzaliwa. Yule manaja alipigiwa simu, akaulizwa ameandikishwa wapi na kwa nini tarehe haikuandikwa. Alisema atarudi kujibu. Namba yake haipatikani tena.

Kijana anaendelea kucheza kila jioni. Mimi hanisalimii. Anaamini nimemfungia njia ya Marekani, na jana nilipopita kiwanjani alinipa mgongo akarusha mpira, ukaingia bila kugusa chuma.