Na Aliyetoa Figo Je?

Enyewe historia ya figo huwa tunaisimulia nusu. Tarehe 23 Desemba 1954, Boston, Marekani, Ronald Herrick alimpa pacha wake Richard figo moja. Richard akaongeza miaka minane. Daktari Joseph Murray akapata Nobel 1990. Poa. Lakini Ronald ndiye aliingia thieta bila ugonjwa wowote.

Kwa miongo mingi mtoaji alipasuliwa ubavuni, saa zingine hadi kipande cha mfupa wa ubavu kitolewe ndio daktari apate njia. Sasa, chini ya kila ubavu hupita neva. Ikikatwa, ikivutwa ama ikinaswa kwenye kovu, inaweza kuchoma kama stima kwa miaka, hata shati likigusa tu. Kidonda kimefunga, vipimo viko sawa, basi watu wanadhani unadeka. Na si ati haikujulikana! Mwaka wa 1864, daktari Mmarekani Silas Weir Mitchell na wenzake walishaandika kuhusu wanajeshi waliopigwa risasi wakabaki na maumivu ya neva.

Dawa zenyewe ni za kuazima. Panadol mara nyingi haifui dafu hapa. Amitriptyline ilianza kama dawa ya sonona, gabapentin ya kifafa. Wengine hudungwa ganzi kando ya neva, wachache hupasuliwa tena neva iachiliwe.

Mwaka wa 1995, hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, ilianza kutoa figo kwa matundu madogo na kamera. Maumivu yakapungua sana. Lakini kuna watoaji ambao bado wanachomeka, maana hata tundu dogo linapita kwenye nyama yenye neva.