Jina la Ukoo na Unga wa Maskini



Wapendwa ndugu zangu katika Kristo, juma lililopita alinijia ofisini mzee mmoja ambaye Mungu amemjalia mabinti watano na hakumjalia mtoto wa kiume. Hakuwa mgonjwa, wala hakuwa na kesi. Alikuwa na huzuni. Akaniambia, “Baba Paroko, mimi nikifa, jina la marehemu baba yangu linazikwa pamoja nami.” Tulisali pamoja akaondoka, lakini neno lake halikuondoka. Ndipo nikakumbuka habari ya ukoo mmoja wa Kikatoliki wa Uingereza, ukoo wa Tichborne, wenye jina ambalo ni adimu hata huko kwao. Ninapenda tuitafakari habari hiyo wiki hii, kwa maana ndani yake limo swali la yule mzee na, kwa maoni yangu, limo pia jibu lake.

Kwanza tufahamu jinsi Waingereza walivyopata majina ya ukoo. Kabla ya Wanormani kuivamia nchi hiyo mwaka 1066, Mwingereza wa kawaida alikuwa na jina moja tu. Baadaye wenye ardhi walianza kujulikana kwa majina ya mashamba na vijiji vyao, na desturi hiyo ikashuka polepole hadi kwa watu wa chini. Wengine walipewa majina ya kazi, kama mhunzi au mwoka mikate. Wengine ya baba zao. Wengine ya maumbile au tabia zao. Kufikia mwaka 1400 hivi, wengi wao walikuwa na jina la kurithi. Jina la kazi liliweza kuanza katika vijiji mia kwa wakati mmoja, ndiyo maana wahunzi, yaani Smith, wamejaa kila mahali. Bali jina lililotokana na kijiji kimoja kidogo lilikuwa na chemchemi moja tu. Chemchemi hiyo ikikauka, hakuna nyingine.

Tichborne ni jina la namna hiyo. Kijiji chenyewe kipo katika kaunti ya Hampshire, kusini mwa Uingereza, kilomita chache mashariki ya mji wa Winchester, na jina lake limo katika maandishi ya mwanzoni mwa karne ya 10. Mapokeo ya ukoo yanalihusisha na mto Itchen unaopita karibu. Wataalamu wa majina ya mahali wao hulifasiri kuwa kijito cha wana-mbuzi. Basi, jina ambalo baadaye lilibebwa na wakuu na mashujaa lilianzia penye maji, pale wanyama walipokwenda kunywa.

Kutoka Hampshire jina hili lilitawanyika kidogo tu. Tawi moja lilikaa Cowden katika kaunti ya Kent, na kutoka huko likaingia London katika biashara. Tawi lingine lilivuka bahari hadi Ireland, likakaa Beaulieu katika kaunti ya Louth, karibu na mji wa Drogheda. Hayo ndiyo matawi yake makuu katika historia.

Lakini jina moja halileti moyo mmoja. Wakati wa Malkia Elizabeth I, Wakatoliki walipokuwa wakiteswa, Chidiock Tichborne aliingia katika njama ya Babington ya kumuua malkia huyo na kumweka Mary wa Scotland mahali pake. Aliuawa kikatili mwaka 1586, naye angali kijana. Shairi la maombolezo alilomwandikia mkewe akiwa gerezani linasomwa hadi leo. Tusimwite shahidi, kwa maana njama ya kuua si njia ya Injili. Mwaka 1602 aliuawa padre Thomas Tichborne, ambaye kosa lake lilikuwa upadre wake. Mwaka mmoja kabla yake, 1601, aliuawa Nicholas Tichborne, mtu wa ukoo huohuo, kwa sababu alimsaidia padre huyo kutoroka mikononi mwa waliomkamata.

Hata hivyo, Malkia Elizabeth alipofariki mwaka 1603, Sir Benjamin Tichborne, aliyekuwa sherifu wa Hampshire, alimtangaza James I kuwa mfalme mjini Winchester pasipo kungoja amri kutoka London. Mfalme hakumsahau. Mwaka 1621 alipewa cheo cha baroneti, yaani heshima ambayo baba humrithisha mwana wa kiume. Mwanawe aitwaye Henry ndiye aliyeulinda mji wa Drogheda kwa ajili ya serikali mwaka 1641 na 1642, dhidi ya Wakatoliki wa Ireland waliouzingira. Na Robert Tichborne, wa uzao wa Cowden, alikuwa mmoja wa watu walioweka sahihi zao kwenye hati ya kumuua Mfalme Charles I mwaka 1649. Alikuwa Meya Mkuu wa London mwaka 1656, akafia kifungoni katika Mnara wa London mwaka 1682. Padre aliyeuawa na mfalme aliyeuawa, jina la Tichborne limo katika habari zote mbili.

Sasa tuje kwenye unga. Mapokeo yanasimulia kwamba katika karne ya 12 bibi wa nyumba ile, Mabella, alilala kitandani akikaribia kufa. Alimwomba mumewe, Sir Roger, atenge ardhi ambayo mavuno yake yatawalisha maskini kila mwaka, katika sikukuu ya Bikira Maria kupashwa habari, tarehe 25 Machi. Mume alichukua kijinga cha moto kutoka mekoni akasema, atatoa kiasi cha ardhi ambacho mkewe ataweza kukizunguka kabla moto haujazimika. Pengine alidhani amemaliza maneno. Mama yule hakuweza kusimama. Akabebwa hadi shambani, akatambaa, na akazunguka ekari 23. Shamba hilo hadi leo linaitwa The Crawls, kwa maana ya mahali palipotambaliwa.

Inasemekana kwamba kabla ya kufa aliacha onyo: siku sadaka hii itakapokomeshwa, watazaliwa wana saba wa kiume, na kizazi kitakachofuata watazaliwa mabinti saba, na hapo jina la ukoo litatoweka na nyumba itaanguka. Mwaka 1796 sadaka ilisimamishwa kwa sababu ya fujo za wazururaji waliokuja kutoka mbali. Mwenye nyumba wakati ule alikuwa na wana saba. Inasimuliwa kwamba mwaka 1803 sehemu ya nyumba ya zamani ilianguka. Mwana wa kwanza aliporithi, watoto wake walikuwa mabinti saba. Mwana mwingine, Edward, alikuwa amepata urithi kutoka kwa jamaa yake kwa sharti la kuchukua jina la Doughty, akaliacha jina la Tichborne. Katika miaka ya 1830 ukoo ukairudisha sadaka.

Ndugu zangu, Kanisa halitufundishi kuamini laana za namna hii, nami siwaambieni kwamba Mungu huwaadhibu watu kwa kuwapa mabinti. Isiwe hivyo kamwe! Binti ni zawadi, wala si adhabu. Lakini ona jinsi hofu ya kupoteza jina ilivyowafanya watu wakumbuke deni lao kwa maskini.

Hofu hiyo iliwatokea tena kwa sura nyingine. Roger Tichborne, mrithi wa nyumba hiyo, alizaliwa Paris mwaka 1829, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kifaransa. Mwaka 1854 alipanda meli iitwayo Bella huko Rio de Janeiro, na meli hiyo ikapotea baharini. Wote walikubali kwamba amekufa, isipokuwa mama yake. Mama huyo alitangaza katika magazeti akimtafuta mwanawe, hata Australia. Ndipo akajitokeza mtu mmoja mwenye bucha katika mji wa Wagga Wagga, akasema, “Roger ndiye mimi.” Mwezi Januari 1867, mjini Paris, mama akamtazama, akasema kwamba ndiye.

Wakati huo baba wa Roger na mdogo wake wa kiume walikuwa wamekwisha kufariki. Haki ya nyumba na cheo ilimwangukia mtoto mchanga, aliyezaliwa mwaka 1866 baada ya baba yake kufa. Kwa hiyo jina zima lilining’inia kwa mtoto mmoja. Mama wa Roger alifariki mwaka 1868, kabla kesi haijaanza. Kesi ya madai iliendeshwa mwaka 1871 na 1872, ikafuatwa na kesi ya jinai mwaka 1873 na 1874. Mdai hakujua Kifaransa, lugha ya utoto wa Roger. Mahakama iliona kwamba yeye ni Arthur Orton, mwana wa muuza nyama wa Wapping, London. Alihukumiwa miaka 14 kwa kula kiapo cha uongo, akaachiwa mwaka 1884, akafa maskini mwaka 1898. Kibao cha jeneza lake kiliandikwa jina la Roger Tichborne.

Miongoni mwa mashahidi wake alikuwamo mzee Andrew Bogle, mtu mwenye asili ya Afrika, aliyezaliwa utumwani Jamaica na aliyemtumikia Edward Doughty kwa miaka mingi. Ninapomfikiria mzee huyo, ninakumbuka mamilioni ya watu wetu waliovushwa bahari ya Atlantiki na kunyang’anywa majina ya mababu zao. Wakati mahakama za London zilipotumia miezi na miezi kutafuta mwenye haki ya jina moja, majina yao hakuna aliyeyatafuta.

Jambo la kushangaza ni kwamba mwaka uleule kesi ilipomalizika, 1874, mwanasayansi Francis Galton pamoja na mchungaji Henry William Watson walichapisha hesabu kuhusu kutoweka kwa koo. Walionyesha kwamba pale jina linapopita kwa wana wa kiume tu, ni jambo la kawaida majina mengi kupotea, pasipo laana wala kosa la mtu yeyote. Katika kila kizazi baba mmoja hupata mabinti tu, mwingine hapati mtoto, mwingine hufiwa. Jina lenye watu wengi hustahimili. Jina lenye watu wachache huzimika.

Ndivyo ilivyokuwa hatimaye. Tawi la Ireland lilipewa cheo cha ubaroni mwaka 1715, nacho kikakoma mwaka 1731. Cheo cha baroneti cha Hampshire kilikoma mwaka 1968, baroneti wa 14 alipofariki bila kuacha mrithi wa kiume. Nyumba na mashamba vikabaki kwa wazao wa upande wa kike, wenye jina lingine.

Lakini sikilizeni. Unga haukukoma! Kila tarehe 25 Machi padre hubariki unga wa ngano mbele ya nyumba ya Tichborne, Mama Mabella huombewa, kisha wakazi wa kijiji hicho na wa kijiji jirani cha Cheriton hugawiwa: galoni moja kwa kila mtu mzima, nusu galoni kwa kila mtoto. Na katika kanisa la Mtakatifu Andrea kijijini hapo, ambalo ni la Waanglikana, upo upande mmoja uliozungushiwa vyuma ambao umebaki kikanisa cha Kikatoliki cha ukoo huo. Ndugu waliotengana kwa damu na moto wanalala chini ya paa moja.

Tujiulize sasa: ni nani aliyelihifadhi jina la Tichborne? Je, ni sherifu, au meya, au wanasheria? Vyeo vyao vimekwisha. Aliyelihifadhi ni mwanamke mgonjwa aliyetambaa ardhini kwa ajili ya watu wenye njaa, ambaye hata jina lenyewe alilipata kwa ndoa. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, mabinti wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa wakauliza kwa nini jina la baba yao lipotee kwa kuwa hakuwa na mwana. Mungu akasema kwamba mabinti hao wana haki. Na katika Isaya sura ya 56, Mungu anawaahidi wasio na uzao kumbukumbu nyumbani mwake inayopita ile ya kuwa na watoto.

Kwa hiyo, mzee wangu, kama unasoma tafakari hii, au kama mmoja wa mabinti wako anakusomea: jina la baba yako limeandikwa katika daftari letu la ubatizo, na mbinguni halifutiki. Hapa duniani usilitafutie mtu wa kulibeba tu. Litafutie tendo. Chimba kisima, somesha yatima, tenga debe moja la mahindi kila mavuno kwa ajili ya mjane wa jirani, kisha uwafundishe mabinti wako waendelee. Watu watakaoshiba watauliza ni nani aliyeanza, nao watajibiwa.

Nasi sote tujiulize nyumbani kwetu: sisi tukiondoka, ni sadaka gani itakayobaki ikitolewa? Nawatakieni Dominika njema na baraka za Mungu Mwenyezi, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.