Ajali Haina Kinga? Historia ya Jeraha na Anayekimbilia Kusaidia

"Ajali haina kinga" ni methali ambayo huhitaji kuitafuta kitabuni. Imeandikwa nyuma ya malori, inasemwa msibani, na hata mtu akivunja glasi jikoni anaambiwa hivyo hivyo ili asijisikie vibaya. Ni maneno ya huruma, na mimi sina ugomvi na huruma. Ugomvi wangu uko kwenye neno lenyewe, ajali. Tumelitoa kwenye Kiarabu, ambako *ajal* ni muda uliowekwa, saa ya mtu iliyokwisha kuandikwa. Ukifungua kamusi za zamani za Kiswahili utakuta maana hiyo ya kudura bado imo, bega kwa bega na ile ya basi lililopinduka. Yaani tukisema tu "imetokea ajali", tumeshatoa hukumu kabla ya kuuliza swali: siku zao zilifika.

Lakini lugha hiyo hiyo inasema pia "kinga ni bora kuliko tiba". Sasa tushike lipi? Nimekuwa nikisoma historia ya watu walioshika hili la pili, waliosema kwamba jeraha lina njia yake, na njia hiyo inaweza kujulikana. Kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba anayepaswa kuijua njia hiyo kuliko wote ni yule anayekimbia kwenda kusaidia.

Tuanzie mbali kidogo, Halifax, mji wa bandari mashariki mwa Kanada. Asubuhi ya tarehe 6 Desemba 1917, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea, meli ya Kifaransa Mont-Blanc iligongana na meli ya Kinorwe Imo kwenye mlango mwembamba wa bandari. Mont-Blanc ilikuwa imebeba zaidi ya tani 2,000 za vilipuzi. Haikupeperusha bendera nyekundu ya kuonya, kwa sababu kutangaza shehena ya namna hiyo wakati wa vita ni kuwaita nyambizi wa Ujerumani. Ikashika moto. Mabaharia wake walijua walichobeba, wakarukia mashua na kupiga makasia kwa nguvu zote kuelekea ufukweni. Mji haukujua. Kwa takriban dakika 20 meli iliwaka, moshi ukapanda juu, na watu wakafanya kile ambacho mimi na wewe tungefanya: wakasogea dirishani kutazama.

Kisha ikalipuka. Watu wapatao 2,000 walikufa na kama 9,000 wakajeruhiwa. Miongoni mwa majeruhi kulikuwa na maelfu walioumia macho, kwa sababu nyuso zao zilikuwa kwenye vioo pale wimbi la mlipuko lilipofika. Mwanga wa mlipuko unafika papo hapo, wimbi linafuata nyuma yake. Katika nafasi hiyo ndogo aliyevutwa na mwanga anakuwa amesimama mahali pabaya kuliko pote.

Kulikuwa na wengine ambao hawakuishia dirishani. Kikosi cha zimamoto cha Halifax kilikuwa na gari la injini, waliloliita Patricia, wakati ambapo magari mengi ya zimamoto bado yalikokotwa na farasi. Liliwafikisha gatini upesi. Wazimamoto tisa walikufa, mkuu wao Edward Condon akiwa mmoja wao. Hebu tulia hapo kidogo. Hawa hawakuwa wazembe wala wageni wa kazi. Walikuwa wepesi, walikuwa na kifaa bora, na wepesi huo ndio uliowafikisha mapema mahali pa kufia. Walichokosa ni kile kitambaa chekundu ambacho hakikupandishwa mlingotini.

Tofautisha na Vince Coleman, mfanyakazi wa reli mjini humo humo. Yeye aliambiwa meli imebeba nini. Alikuwa na nafasi ya kukimbia, lakini alikumbuka kuna treni ya abiria inakuja, akarudi kwenye mashine ya telegrafu kutuma onyo la kuisimamisha. Alikufa pale. Ukisoma habari zake na za wale wazimamoto kwa pamoja unaona kwamba ujasiri ulikuwa uleule. Tofauti ni kwamba Coleman alijua bei kabla ya kulipa.

Mwaka huohuo wa 1917, huko Texas, kijana Mmarekani aitwaye Hugh DeHaven alikuwa akijifunza urubani katika jeshi la anga la Uingereza. Ndege yake ikagongana na nyingine angani. Alipona, lakini tumbo lake liliumia vibaya sana kwa ndani. Ilikuwa rahisi kusema ni bahati, ni kudra, na kumaliza mazungumzo. DeHaven hakumaliza. Alishuku bizimu ya mkanda wake wa kiti, kwamba kile kilichowekwa kumshika ndicho kilichomchana ndani. Shaka hiyo haikumtoka. Mwaka 1942 alichapisha uchunguzi juu ya watu walioanguka kutoka futi 50 hadi 150, yaani kama mita 15 hadi 45, na wakabaki hai. Aliuliza kila mmoja aliangukia nini, kwa sehemu gani ya mwili, na kile alichoangukia kilibonyea kiasi gani. Kumbe hata sentimita chache za udongo laini, au bati linalojikunja, zinaweza kumtenganisha maiti na mgonjwa. Mwili unaweza kuhimili mengi iwapo utapewa nafasi ya kusimama taratibu na nguvu ikatawanywa.

Baada yake akaja William Haddon, daktari wa afya ya jamii, ambaye katika miaka ya 1960 alikuwa kiongozi wa kwanza wa taasisi ya Marekani ya usalama barabarani. Haddon alilitazama jeraha kama daktari wa malaria anavyomtazama mbu. Hakuuliza kwanza nani ana makosa. Aliuliza ni kitu gani kinachoingia mwilini, kinatoka wapi, na kinapita wapi. Jibu lake: ni nishati. Ya mwendo, ya joto, ya umeme, ya kemikali. Jeraha ni nishati iliyofika mwilini kwa wingi au kwa kasi ambayo mwili hauwezi kuipokea. Na tukio zima akaligawa mara tatu: kabla, wakati wenyewe, na baada. Katika kila sehemu kuna mlango wa kuziba.

Naona uzuri wa wazo hili uko kwenye adabu yake. Halimtukani aliyekufa kwa kusema alikuwa mjinga, wala halimfungi mdomo aliyebaki kwa kusema ilikuwa siku yake. Linasema tu: nishati ilikuwepo, njia ilikuwa wazi, mtu alikuwa njiani.

Maarifa hayatembei peke yake, lakini. Miaka 30 baada ya Halifax, tarehe 16 Aprili 1947, meli nyingine ya Kifaransa, Grandcamp, ilishika moto katika bandari ya Texas City ikiwa na shehena ya mbolea ya amonia naitreti. Moshi wake ulikuwa na rangi ya kupendeza, ya machungwa, na watu wakaja gatini kuutazama. Kikosi cha zimamoto cha kujitolea cha mji huo kilikuwa na watu 28. Meli ilipolipuka, 27 walikufa. Mji ulipoteza zaidi ya watu 500, na pia karibu wote waliofunzwa kuuzima moto uliofuata. Hii ndiyo hesabu inayosahaulika tunaposifu kujitoa mhanga: mwokoaji akianguka, majeruhi ameongezeka mmoja na mwokoaji amepungua mmoja, kwa mpigo.

Sasa turudi kwetu. Tarehe 7 Agosti 1998, asubuhi ya kazi, Nairobi. Karibu na makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, mmoja wa magaidi waliokuja na lori la bomu kwenye ubalozi wa Marekani alimrushia mlinzi guruneti. Mlio ukasikika. Watu waliokuwa maofisini, ubalozini, kwenye jengo refu la Cooperative Bank na kwenye Ufundi House, wakainuka vitini na kwenda dirishani. Kisha bomu lenyewe likalipuka. Watu 213 walikufa Nairobi, maelfu wakajeruhiwa, na wengi waliumizwa macho na vioo. Siku hiyo hiyo Dar es Salaam nayo ilipigwa.

Niliposoma kuhusu macho ya Nairobi nilikuwa nimeshasoma kuhusu macho ya Halifax, na nilifunga kitabu. Miaka 81 kati yake, bahari kati yake, na dirisha ni lile lile. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuwaambia makarani wa Nairobi habari za bandari moja ya Kanada. Lakini laiti sentensi moja tu ingekuwa imeingia kwenye mazoea yetu, kama "usiguse waya uliokatika" ilivyoingia: ukisikia mlipuko, ondoka dirishani, lala chini.

Na waliokimbilia pale? Ufundi House ilikuwa imeporomoka, na wananchi wa kawaida ndio walioanza kuchimba, kwa mikono mitupu. Matatu na magari ya watu binafsi yalibeba majeruhi hospitalini. Bila wao wengi wasingepona, na sitaki mtu asome insha hii akidhani nawabeza. Ila lundo la kifusi ni nishati iliyosimama tu kwa muda. Kila anayelipanda anaweza kuliteremsha juu ya aliye chini, na kelele za wengi zinaizima sauti ya mmoja anayeita kutoka ndani. Ndiyo maana waokoaji waliofunzwa hufika mahali kama hapo na kuomba kwanza kitu kinachoonekana kama ukatili: watu washuke, wanyamaze.

Mfano wa karibu zaidi ni Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022. Ndege ya abiria yenye watu 43 iliangukia Ziwa Victoria karibu na uwanja. Wavuvi walifika kabla ya wote. Kijana Majaliwa Jackson alisaidia kufungua mlango wa nyuma akitumia kasia, na watu 24 wakatoka hai. Habari hizo kila mtu anazijua. Linalotajwa kwa haraka ni kilichofuata: kijana huyo alikwenda mbele kujaribu kuwafikia marubani, kamba ikafungwa na kuvutwa, ikakatika, ikamrudia usoni. Alizinduka hospitalini. Kamba iliyokazwa haina tofauti na upinde, nguvu zote za wanaovuta zimehifadhiwa ndani yake, na ikikatika inamtafuta aliye kwenye mstari wake. Mabaharia na watu wa magari ya kuvuta wanalijua hili, husimama pembeni ya kamba. Tulimpongeza shujaa, na ilikuwa haki yake. Ni mara ngapi tulisimulia kamba?

Mkasa wa lori la mafuta nao una somo lake. Sachangwan, Kenya, tarehe 31 Januari 2009. Morogoro, Tanzania, tarehe 10 Agosti 2019. Mara zote mbili zaidi ya watu 100 walikufa baada ya lori kupinduka na watu kukusanyika, wengi wakichota mafuta. Tumezoea kuhubiri tamaa hapa, lakini hata ukiiweka kando, mvuke wa petroli hauulizi umekuja na dumu au umekuja kumtoa dereva. Ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, unajaa mtaroni, na unaweza kuukuta moto mbali na lori. Mwenye nia njema anasimama ndani ya mvuke ule ule.

Katika mafunzo ya huduma ya kwanza niliyowahi kuhudhuria, mwalimu alituambia swali la kwanza si "ameumia wapi?" bali "hapa nilipo ni salama?" Mwenzetu mmoja akalalamika, eti huo ni uoga uliopewa jina la kitaalamu. Mwalimu akamuuliza: "Ukianguka wewe, mimi nimuinue nani kwanza?" Darasa likanyamaza. Kwa wengi wetu, kusimama hatua kumi kutoka kwa mtu anayelia ni aibu. Tumelelewa kwamba utu ni kukimbia. Lakini hizo sekunde chache za kutazama waya, mafuta, ukuta uliopasuka, mwelekeo wa upepo na gari linalokuja nyuma ni sehemu ya utu wenyewe. Coleman alikuwa nazo. Wazimamoto wa Halifax na wa Texas City hawakupewa.

Kwa sisi tunaosoma na kuandika hadithi, kuna kazi hapa pia. Shujaa wetu huingia motoni bila kutazama, na ukurasa unaofuata anapewa wimbo au kaburi. Sijakutana na hadithi nyingi ambamo shujaa anasimama, anasikiliza, anawazuia wenzake kwa mkono, kisha ndipo anaingia, na anatoka. Ningependa kuisoma. Anayeiandika asiogope kwamba itakosa msisimko, maana msomaji anayejua kamba inaweza kukatika atamsubiri mvuvi atoke kwenye mstari wake kwa pumzi iliyobanwa.