Safura, Asidi na Bakteria

Tiba ya Kiyunani, iliyofika mwambao wetu kupitia Waarabu, ina jibu lake kwa tumbo linalochoma: safura imezidi, basi mpoze mgonjwa. Hesabu hiyo ya majimaji manne ya mwili, yaani damu, belghamu, safura na sauda, ndiyo aliyoipanga Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu kilichosomwa karne nyingi Mashariki na Ulaya. Maziwa yakapendekezwa kwa ubaridi wake. Asali na habasoda zilipendwa zaidi kwa ajili ya hadithi za Mtume. Kwa hesabu ya tabibu zote mbili ni za joto, lakini sijaona mgonjwa aliyelijali hilo.

Madaktari wa Ulaya na Marekani walijiona wameyapita hayo. Mwaka 1910 Karl Schwarz aliweka kanuni kwamba pasipo asidi hapana kidonda cha tumbo. Miaka mitano baadaye, Bertram Sippy wa Chicago alikuwa akiwanywesha wagonjwa maziwa na krimu kila saa. Mimi sioni umbali mkubwa kati yake na tabibu wa Lamu: majimaji fulani yamezidi, yatulize kwa maziwa. Na maziwa hutuliza kweli, ila kwa muda mfupi, kwa kuwa yenyewe huchochea tumbo kutoa asidi zaidi. Hata juisi ya kabichi, ambayo siku hizi husifiwa mitaani kama tiba ya asili ya mababu, ilivumishwa na daktari wa California, Garnett Cheney, aliyeijaribu kwa wagonjwa 13 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1949.

Kisha, mwaka 1976, simetidini, dawa ya kupunguza asidi, ikaingia madukani Uingereza. Vidonda vilifunga. Mgonjwa alipoacha vidonge, mara nyingi vilirudi, naye akarudi kununua. Muuza mizizi yeyote angeielewa biashara hiyo.

Aliyeuliza kwa nini vinarudi alipuuzwa. Huko Missolonghi, Ugiriki, daktari John Lykoudis alikuwa ameanza kutibu vidonda kwa antibiotiki tangu mwaka 1958. Mwaka 1968 akatozwa kwa hilo faini ya drakma 4,000. Wakubwa wa udaktari walishikilia kwamba hakuna kijidudu kinachoweza kuishi katika asidi ya tumbo. Huko Perth, Australia, daktari Robin Warren alikuwa amewaona bakteria tumboni kwa darubini, na mwaka 1982 yeye na Barry Marshall wakafaulu kuwaotesha, baada ya sahani za maabara kusahaulika kwa siku kadhaa za sikukuu ya Pasaka. Bakteria huyo, Helicobacter pylori, huigeuza urea kuwa amonia na kujikinga nayo dhidi ya asidi. Mwaka 1984 Marshall aliwanywa bakteria hao ili kuonyesha kwamba ndio waletao maradhi, tumbo lake likavimba kwa ndani. Nobeli ikaja mwaka 2005.

Katika uchunguzi, mganga ana jambo la kufundisha: husikiliza. Maumivu ya usiku au ya njaa, yanayopoa mtu akila, yanaelekeza kwenye duodeni, mwanzo wa utumbo mwembamba. Yanayozidi baada ya kula yanaelekeza zaidi kwenye tumbo lenyewe. Lakini masikio hayatoshi. Kidonda huonekana kwa endoskopia, na bakteria hupimwa kwa pumzi au choo. Kipimo cha damu hutegwa na kingamwili zinazobaki hata baada ya kupona, na omeprazoli, dawa nyingine ya kupunguza asidi, isiposimamishwa wiki mbili kabla, hata kipimo cha pumzi kinaweza kusema uongo.

Pilipili na mawazo hulaumiwa kote, ilhali diklofenaki, dawa ya maumivu ya mgongo inayoweza kutoboa tumbo bila bakteria yeyote, haiulizwi na mganga wala na muuza duka. Choo kikiwa cheusi kama lami, au mtu akitapika damu, hapo ni hospitali mara moja.

Tiba ya bakteria ni omeprazoli na antibiotiki mbili au zaidi, aghalabu kwa siku 14. Wiki nne baada ya hapo mgonjwa anapaswa kupimwa tena. Miadi hiyo ndiyo inayotenganisha kutuliza na kuponya, na ndiyo inayorukwa zaidi: maumivu yakiisha, mgonjwa anajiona amepona, na si mganga wala duka la dawa linalomwita arudi.