Kingo Mbili za Mto Rhine

Februari 1975, huko Wyhl, kusini magharibi mwa Ujerumani, wakulima wa zabibu walivamia kiwanja kilichotengwa kwa kituo cha nyuklia na kugoma kuondoka. Waalsace wa ng'ambo, raia wa Ufaransa, walivuka Mto Rhine kuwaunga mkono. Kituo hakikujengwa. Safari fupi tu kusini, kwenye ukingo wa Ufaransa, vinu vya Fessenheim vikaanza kuzalisha umeme mwaka 1977.

Wapo wanaosema Mjerumani ni mwoga wa nyuklia na Mfaransa ni jasiri. Maelezo hayo ni mepesi mno. Wale Waalsace wanatosha kuyakanusha. Mimi naona tofauti ipo kwa aliyekabidhiwa uamuzi. Ufaransa, baada ya kubanwa na bei ya mafuta ya 1973, iliukabidhi kwa wahandisi. Mpango wa Waziri Mkuu Pierre Messmer wa 1974 haukupitia mjadala wa maana bungeni. Shirika la umma, EDF, lilichagua aina chache za vinu na kuzijenga tena na tena, na leo takriban theluthi mbili ya umeme wa nchi hiyo hutokana na nyuklia. Ujerumani, kwa sheria ya mwaka 2000, ilimhakikishia mzalishaji wa umeme wa jua au upepo bei maalumu kwa miaka 20. Mkulima mwenye paa pana la ghala akawa naye mfanyabiashara wa umeme.

Ujerumani ilizima vinu vyake vitatu vya mwisho tarehe 15 Aprili 2023 huku ikiendelea kuchoma makaa ya mawe, na hapo Mfaransa ana haki ya kuuliza maswali makali. Ila mwishoni mwa mwaka 2021 nyufa za kutu zilipogunduliwa kwenye mabomba ya baadhi ya vinu vya Ufaransa, ilibidi vinu vingine vya aina hiyo vikaguliwe, na mwaka 2022 nchi hiyo ikanunua nje umeme mwingi kuliko iliouza. Ufanano uliopunguza gharama ndio uliosambaza hitilafu. Udhaifu wa Ujerumani ni wa namna nyingine: siku za baridi zisizo na jua wala upepo.

Kwenye taka za nyuklia, majirani hawa wanakaribiana. Ufaransa inakusudia kuzizika mita 500 hivi chini ya ardhi, katika udongo wa mfinyanzi wa Bure, licha ya upinzani. Ujerumani iliiondoa Gorleben kwenye orodha ya maeneo ya kuzizika mwaka 2020, baada ya maandamano ya miongo kadhaa, na hadi leo inatafuta pa kuziweka.